Mtandao Uliokatika Saa ya Darasa

Katika kamati ya msikiti wetu mimi ndiye niandikaye kumbukumbu za vikao, na kazi hiyo imenizoesha kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: jambo hili limetokea lini hasa, na nani alikuwapo? Wajumbe wenzangu wakati mwingine huliona swali hilo kuwa la kuchosha. Hata hivyo ndilo lililotufaa nyumbani mwaka jana, pale intaneti ya waifai ilipokuwa ikikatika usiku hadi usiku, na nusura itie ufa baina ya watu wa nyumba moja.

Tunaishi Tanga, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi mrefu katikati na ua kwa nyuma. Ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti, ipo chumba cha mbele ambako waya wa huduma umeingilia. Kompyuta ya mezani ipo chumba cha tatu, kwa kuwa ndicho pekee chenye utulivu. Ni kompyuta ya zamani kidogo, haina waifai ndani yake. Hutegemea kipokezi kidogo cha USB kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kilichochomekwa nyuma ya sanduku lake. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, anasomea stashahada kwa njia ya masafa. Mara tatu kwa wiki, kuanzia saa mbili usiku hadi saa nne, mihadhara hutolewa moja kwa moja mtandaoni na mahudhurio huhesabiwa. Anayetoweka katikati ya mhadhara huandikwa kuwa hakuhudhuria, na utetezi wa kwamba mtandao ulikatika hausikilizwi, kwa sababu kila mwanafunzi anao.

Dalili zilikuwa hizi. Sauti ya mhadhiri ilianza kukwaruza, picha ikaganda, kisha alama ya waifai pembeni mwa kioo ikatoweka kabisa. Baada ya dakika mbili au tatu ilirudi yenyewe, kana kwamba hakuna lililotokea. Usiku mmoja jambo hilo lilijirudia mara 9. Mwisho wa wiki ya sita mke wangu alikuwa ameandikwa kukosa mihadhara 5, na akaanza kuzungumza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, juu ya kuahirisha muhula.

Hapo ndipo palipozuka jambo zito kuliko intaneti. Kwetu anaishi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa Kidato cha Tatu, aliyehamia kwetu baada ya baba yao kufariki. Ana simu aliyoinunua kwa fedha yake, kwa kuuza barafu likizo nzima. Mama yangu mzazi, ambaye macho yake hayakosi kitu, alinena jambo lenye mantiki yake. “Mwanangu,” aliniambia, “kila mwalimu akianza darasa, huyu naye yuko barazani na simu yake. Mtungi ni mmoja, naye anateka kwa ndoo.” Akataka simu ichukuliwe mpaka mitihani ipite. Kijana hakujibu. Ila tangu siku ile alianza kula akiwa wa mwisho, na akipita mtu mzima huigeuza simu kifudifudi juu ya paja lake. Kijana anayeishi katika nyumba ya mume wa dada yake hana mahali pa kukatia rufaa, na mwenye nyumba anapaswa kulijua hilo kabla hajaambiwa.

Nilimwomba mama muda wa wiki mbili. Sikuwa na hakika kwamba kijana hahusiki, kwani ni kweli kwamba simu inayopakua filamu huweza kuwanyima wengine nafasi. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya intaneti inayokwenda polepole na intaneti inayokatika, na watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Matumizi ya mtu mwingine hupunguza kasi. Si kawaida yake kuifanya kompyuta ipoteze kabisa alama ya waifai. Tofauti hiyo ndiyo iliyonipa shaka. Shaka hiyo, kwa maoni yangu, ilitosha kumpa mtuhumiwa wiki mbili.

Washauri hawakukosekana. Mhudumu wa simu wa kampuni inayotuuzia huduma alisikiliza kwa sekunde chache, kisha akatushauri kununua kifurushi kikubwa zaidi. Fundi mmoja wa mtaani aliitazama kompyuta, akasema imezeeka, tununue nyingine. Ushauri wa namna hii una sifa moja ya kudumu: anayeutoa hapati hasara ukishindwa. Video ya mhadhara haihitaji zaidi ya megabiti chache kwa sekunde, na kifurushi chetu kilikuwa nazo za kutosha. Bomba likipasuka, kuongeza maji kutoka bombani hakuzibi ufa.

Basi tukaanza kutafuta, na nikamwita shemeji awe msaidizi wangu. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Nilimpa daftari lenye mistari, nikamwambia aandike kila mkatiko: saa, dakika, nani yumo mtandaoni, na kifaa gani kimewashwa ndani ya nyumba. Alilipokea daftari bila furaha, lakini alilipokea.

Swali la kwanza lilikuwa kama ugonjwa upo ndani ya nyumba au nje. Si kila hitilafu ni ya nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku ile hata anayelala na ruta chini ya mto asingepata nafuu. Kuna njia rahisi ya kupambanua. Kwenye kompyuta ya Windows hufunguliwa dirisha jeusi la amri, kisha huandikwa neno ping likifuatiwa na anwani, na mwishoni -t ili kazi iendelee bila kukoma. Tulifungua madirisha mawili. La kwanza lilibisha hodi kwa ruta yetu wenyewe, ambayo anwani yake, 192.168.1.1, imeandikwa kwenye kibandiko chini yake. La pili lilibisha hodi nje, kwenye anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Ruta ikijibu na nje pasijibu, lawama ni ya mtoa huduma au ya njia yake. Ruta yenyewe isipojibu, hakuna haja ya kumpigia mtu simu. Ugonjwa upo chini ya paa lako.

Usiku wa kwanza wa mhadhara, saa mbili na dakika chache, madirisha yote mawili yalinyamaza kwa pamoja. Ruta haikujibu. Wakati huohuo simu yangu, iliyokuwa juu ya meza ileile, iliendelea kusoma habari bila kusita. Hilo lilitupa mambo mawili kwa mpigo mmoja: huduma inaingia nyumbani vizuri, na ruta ni nzima. Tatizo lipo baina ya ruta na kompyuta ile moja.

Hapa inafaa nieleze waifai ni kitu gani, maana nyumba nyingi huiona kama moshi unaojaza chumba. Waifai ni redio. Ruta hutangaza na kompyuta hutangaza, kila moja ikisubiri zamu yake. Kanuni ya kwanza ya kimataifa ya waifai, inayojulikana kwa namba 802.11, ilitoka mwaka 1997, lakini chimbuko la wazo ni la zamani zaidi. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, na vituo vyote vya visiwani vilitumia masafa mamoja kupeleka habari chuoni. Viwili vikisema kwa wakati mmoja, maneno yaligongana na kuharibika. Kila kimoja kikangoja muda wa kubahatisha, kisha kikarudia. Waifai ya leo imeongeza adabu: husikiliza kwanza kama kuna anayezungumza, ndipo izungumze. Mtu aliyekulia barazani ataielewa adabu hiyo bila mchoro. Ataelewa pia kwamba mahali penye kelele nyingi, hata wenye adabu hawasikilizani.

Kelele hizo ndizo tulizozifuatia. Waifai hutumia hasa maeneo mawili ya masafa, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Eneo la 5 lina nafasi na kasi, lakini mawimbi yake huchoka upesi yakikuta kuta. Eneo la 2.4 hufika mbali zaidi, na kwa sababu hiyo limejaa: waifai za majirani, spika za bluetooth, na tanuri za maikrowevu, ambazo hupasha chakula kwa mawimbi ya gigahezi 2.45. Kipokezi chetu cha USB, kwa bei yake ndogo, hakijui eneo jingine ila hilo la 2.4. Ndani yake chaneli zimepangwa kwa kupandana kama vigae, hivi kwamba ni tatu tu, 1, 6 na 11, zisizoingiliana. Shemeji alipakua programu ya bure kwenye simu yake, akaorodhesha ruta za majirani. Zilikuwa 11, na nyingi zilisongamana kwenye chaneli ya 6, tuliyokuwapo sisi pia. Tukaihamisha ruta yetu kwenda chaneli ya 1. Mikatiko ilipungua, lakini haikwisha.

Tukaitoa ruta nyuma ya televisheni ilikokuwa imefichwa kwa ajili ya uzuri wa chumba, tukaiweka juu ya kabati. Chuma, vioo vya kujitazamia na maji ni maadui wa mawimbi haya. Ruta iliyowekwa nyuma ya jokofu au kando ya tangi inaonewa bure. Tukaangalia adapta ya umeme wa ruta, kwa sababu adapta iliyochoka huifanya ruta izime na kuwaka yenyewe, hasa pale umeme wa mtaa unapopanda na kushuka. Ilikuwa nzima, na taa za ruta hazikuwahi kuzimika. Katika orodha ya vifaa vya Windows tukaiondolea kompyuta ruhusa ya kukizima kipokezi ili kuokoa umeme, jambo ambalo mara nyingi huwa chanzo cha mikatiko. Tukasasisha draiva yake. Kila hatua tuliifanya peke yake na kuipa usiku mmoja wa mhadhara, maana anayebadilisha mambo manne kwa pamoja hatajua lipi limemponya. Hakuna lililotuponya.

Usiku wa mhadhara uliofuata shemeji alifanya jambo ambalo sikumwagiza. Kabla ya saa mbili aliizima simu yake mbele yetu sote, akaenda kwa mama yangu, akapiga goti na kuiweka mkononi mwake. “Shikamoo bibi. Ikae kwako mpaka darasa liishe.” Mama aliifunga kwenye pindo la kanga yake, akaketi kwenye kiti cha mlangoni. Saa mbili na dakika 14 mtandao ulikatika. Saa mbili na 31 ulikatika tena. Mke wangu aliweka mikono usoni. Kutoka mlangoni mama akasema, polepole, “Basi aliyekata hayumo pindoni mwangu.” Alifungua kanga, akamrudishia simu, akamwambia akale, samaki wake amefunikwa. Hakusema zaidi, wala kijana hakumdai zaidi. Usiku ule alikula nasi.

Kuachiwa huru kwa mmoja hakukuwa kumpata mwingine. Lakini daftari lilikuwa limekwisha kujaa kurasa saba, na ndani yake kulikuwa na jambo la ajabu: mchana hapakuwa na mikatiko hata mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiitumia kompyuta ile baada ya alfajiri kuandika barua za kamati, saa nzima, bila tatizo. Usiku usio na mhadhara pia ulipita salama. Kwa hiyo si saa ya usiku, si majirani, si kuta, maana kuta hazihami. Ilikuwa kana kwamba mtandao unaichukia elimu.

Jawabu lilikuja kwa bahati, lakini bahati iliyokuta daftari liko tayari. Usiku mmoja mke wangu alikuwa amemwazima mwalimu mwenzake diski yake ya nje, ile anayohifadhia rekodi za mihadhara. Saa mbili hadi saa nne, mhadhara mzima, hapakuwa na mkatiko. Sote tulikuwa tayari kushukuru na kulala, ila shemeji aliandika ukingoni mwa ukurasa: “Leo diski haipo.” Kisha akalitazama neno lake mwenyewe kwa muda.

Diski ilirudi kesho yake. Tulifungua tena madirisha mawili ya ping, tukaichomeka mahali pake pa siku zote, nyuma ya kompyuta, katika tundu la USB lililo sentimita mbili kutoka kwenye kipokezi cha waifai. Tukaanza kunakili faili kubwa. Kabla ya dakika mbili ruta iliacha kujibu. Tukaichomoa, ikajibu. Tukachomeka, ikanyamaza. Tulirudia mara tano, na mara ya tano mke wangu ndiye aliyechomeka, kwa sababu alitaka kuhakikisha kwa mkono wake.

Sababu yake si fumbo, ingawa wauzaji wengi wa vifaa hawaielezi. Matundu ya USB ya kizazi cha tatu, ambayo mara nyingi ulimi wake ni wa buluu, hupitisha data kwa kasi inayofika gigabiti 5 kwa sekunde. Kazi hiyo huvujisha kelele ya redio, na kelele hiyo huangukia pia katika eneo la gigahezi 2.4, palepale inapozungumza waifai. Kampuni ya Intel ililieleza jambo hilo katika waraka wake wa mwaka 2012, ikapendekeza vifaa vikingwe vizuri zaidi na vipokezi visiwekwe karibu navyo. Kipokezi chetu kilikuwa kikijaribu kusikia sauti hafifu kutoka chumba cha mbele, kupitia kuta mbili na sanduku la chuma, huku diski ikimpigia kelele sikioni. Asubuhi, bila diski, kilisikia. Usiku mke wangu alipoanza kurekodi mhadhara, kikaziba. Simu yangu haikupata taabu kwa kuwa ilikuwa mbali kidogo na tundu lile, na umbali katika jambo hili ni kila kitu: nusu mita hutosha kubadilisha hali.

Dawa ilikuwa waya wa kurefusha USB wenye urefu wa mita 1, niliyoupata dukani kwa shilingi 5,000. Kipokezi kilitoka nyuma ya sanduku la chuma, kikapanda hadi kwenye msumari karibu na mlango wa chumba, mahali panapoitazama ruta kupitia ukumbi. Diski ilihamishiwa tundu la mbele. Nguvu ya mawimbi, ambayo hupimwa kwa namba hasi na ambayo hupendeza kadiri inavyokaribia sifuri, ilitoka -71 ikafika -58. Mwenye uwezo wa kuvuta waya wa mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta afanye hivyo, maana waya wa kawaida hufika mita 100 bila kujali kelele za mtu yeyote. Sisi tungelazimika kutoboa kuta mbili za nyumba ya marehemu babu, na mama hakuliafiki.

Mihadhara iliyobaki ya muhula ilipita bila mkatiko ila siku mbili za kukatika umeme, ambazo zina mlango wake wa malalamiko. Mke wangu aliandika barua chuoni akaambatanisha nakala za kurasa za daftari, zenye saa na dakika. Mihadhara 3 kati ya 5 ilirejeshwa katika hesabu ya mahudhurio. 2 ilikataliwa kwa sababu ilitangulia kuwapo kwa daftari. Zilizosalia zilitosha kumruhusu kufanya mitihani, na ameifanya.

Kipokezi bado kinaning'inia pale msumarini, kimefungwa kwa kipande cha kanga chakavu ambacho mama alikichana mwenyewe, kwa kuwa uzi wa plastiki niliouweka mimi haukumpendeza. Daftari halipo nyumbani. Shemeji amelipeleka kwa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye intaneti yake hukatika kila siku saa nne asubuhi, na ambaye tayari amekwisha kumtuhumu mpangaji wake.